Kuvaa usichuje: nilivyojifunza kwa Iman nikiwa hapahapa Mtwara, na wewe ufanyeje

Wapendwa, msimu wa korosho mnaujua. Pesa zikishaanza kuingia, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, hapa Mtwara mjini sokoni hapapitiki, watu wameshuka kutoka Newala, Tandahimba, Nanyamba, bajaji zimejaa mifuko, kila mtu na dera lake jipya na viatu vyake vipya, alafu ikifika mwezi wa nne mtu yuleyule ukimwambia twende harusini anakwambia sina nguo. Na kabati halifungi! Mi nimeishi hivo miaka mingi sana, nanunua, navaa mara mbili, inanichosha, nagawa, nanunua tena. Aliyenitoa huko ni mwanamke ambae sijawahi kuonana nae hata siku moja, Iman, yule mwanamitindo wa Kisomali, na nimeona niandike vizuri nilivyofanya hatua kwa hatua maana mabinti wa mtaani kwangu Chuno kila siku wananiuliza dada hiyo nguo umeitoa wapi, na nguo yenyewe ina miaka sita.

Kwa asiyemjua nieleze kidogo, maana somo lote linatoka kwenye maisha yake. Amezaliwa Mogadishu mwaka 1955, kwahiyo ni mtoto wa bahari hiihii ya kwetu. Baba yake alikua mwanadiplomasia, familia ikakimbilia Kenya, akawa anasoma siasa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1975 mpiga picha wa Kimarekani anaitwa Peter Beard akamuona pale Nairobi akataka kumpiga picha. Sasa sikilizeni hapa, binti hakurukaruka kwa furaha, alimwambia sawa, ila unilipie ada ya chuo. Mwanafunzi tu! Baadae yule bwana akaenda kuwasimulia watu kule New York kwamba amemuokota porini anachunga mifugo, kumbe ni msomi anayeongea lugha tano. Mwaka 1976 tayari yuko kwenye Vogue, lile jarida kubwa la mitindo, Yves Saint Laurent yule mbunifu mkubwa wa Ufaransa akatengeneza mkusanyo wa nguo kwa ajili yake, 1989 akaacha kazi ya jukwaani, 1994 akaanzisha vipodozi vya ngozi kama zetu, 2010 baraza la wabunifu wa mitindo Marekani likampa tuzo ya mtu wa kuigwa kwa mavazi, na 2021 akatokea Met Gala, ile sherehe kubwa ya mitindo ya New York, na nguo ya dhahabu yenye manyoya makubwa kichwani akiwa na miaka 66, picha zikasambaa dunia nzima. Piga hesabu toka 1975, hiyo ni miaka 46 mtu hajachuja. Wangapi tumewaona wanawaka miaka miwili wanazimika?

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja, mmoja tu

Ukifuata watu kumi Instagram utavaa kama watu kumi. Chagua mmoja, na awe na picha za miaka mingi, angalau ishirini, ili uone kipi kilibaki wakati mitindo inapita. Huyu aliyeibuka mwaka jana hata kama anapendeza sana bado hujui kama atadumu, muache kwanza.

Alafu awe na kitu mnachofanana. Mi nilimpenda Iman kwa sababu ya ngozi na kwa sababu ni mtu wa pwani, na nina shingo ndefu ambayo shuleni walikua wananitania nayo, nilipoona yeye shingo yake ndefu ndo utajiri wake nikasema basi kumbe. Kama we ni mnene tafuta mnene mwenzio, kama unavaa baibui tafuta mwenye kujisitiri anayekuvutia. Kaka zangu mkitaka mtu wa kujifunza kwake chukueni Mwalimu Nyerere, ile suti yake ya mikono mifupi isiyo na tai na kofia yake, ukiona kivuli tu unajua ni nani. Na anaweza kua bibi yako pia, siongei kwa kuwafurahisha. Bibi zetu wa Kimakonde waliovaa ndonya kwenye mdomo wa juu na chale usoni waliamua sura yao mara moja wakaishi nayo mpaka kaburini, huo ni uamuzi mkubwa kuliko wa mtu yeyote anayebadilisha wigi kila wiki.

Hatua ya 2: Kusanya picha, kaa nazo, andika

Hapa ndo kazi ilipo na watu wengi wanaparuka. Usiangalie picha moja ukakimbilia sokoni kutafuta gauni kama lile. Kusanya picha kama ishirini za huyo mtu wako, za miaka tofauti, za sherehe na za mtaani pia, hasa za mtaani maana huko hakuna mtu aliyemvalisha. Ziweke folda moja kwenye simu. Chukua daftari, chora mstari katikati, upande mmoja andika KINACHOJIRUDIA, upande wa pili andika ASICHOVAA. Huu upande wa pili ndo dawa.

Nilikaa na picha za Iman jioni tatu mfululizo, umeme ulikua umekatika siku mbili kati ya hizo natumia chaji ya mwisho mwisho, na nilichoandika ni hiki. Kwenye picha nilizokusanya mimi nywele zake hazimfuniki uso, ama zimevutwa nyuma, ama amepiga kilemba, ama ziko za asili, uso uko wazi saa zote. Nguo zinalala ndefu, yani jicho linashuka toka begani mpaka chini bila kukatwakatwa. Rangi ni moja au mbili, nyeusi, nyeupe, dhahabu, rangi za udongo. Pambo ni moja kubwa, likiwa hereni basi shingoni hamna kitu, ikiwa bangili kubwa basi hereni ndogo. Hata ile ya 2021 yenye manyoya, rangi ni moja, dhahabu, na uso umeachwa wazi. Na upande wa pili wa daftari nikaandika: hamna maandishi makubwa ya kampuni kifuani, hamna nguo inayobana mpaka unaona mtu anasubiri kwa hamu kwenda kuivua, hamna rangi nne kwa mpigo.

Nikalinganisha na kabati langu. Mi nilikua na tisheti saba zenye maandishi makubwa kifuani na sikumbuki hata moja ilisema nini. Nililala nimehuzunika kweli siku ile, naona pesa ya baba ya korosho imeishia kwenye maandishi.

Kwahiyo usiruke hii hatua, fanya kwa siku tatu nne, usinunue kitu hata soksi.

Hatua ya 3: Lete huku kwetu

Iman anaishi Marekani kwenye baridi, anavaa makoti. Sisi hapa mwezi wa kumi na mbili ukitoka Mkanaledi mpaka sokoni kwa miguu umelowa. Kwahiyo usilete nguo, leta sababu ya ile nguo. Koti refu jeusi alilovaa New York kazi yake ni nini? Ni kumpa ule mstari mrefu. Basi mi mstari mrefu naupata kwa baibui jepesi la wazi mbele juu ya gauni la rangi hiyohiyo, au gauni la pamba linaloshuka mpaka kwenye kifundo cha mguu, au hata kanga. Hariri yake kwangu inakua pamba laini au kitani. Dhahabu yake sina, ila nina kitu ambacho yeye angekinunua kwa pesa nyingi, mpingo. Wachongaji wetu wa Kimakonde dunia nzima inawajua, bangili pana nyeusi ya mpingo kwenye mkono mmoja, gauni jeupe, hereni ndogo, basi umemaliza, hamna anayekufikia.

Na kuhusu dhahabu ya kuchovya niseme wazi, hewa yetu ya chumvi na jasho haiipendi, miezi miwili shingo imekua ya kijani. Stenlesi inavumilia, fedha inavumilia ukiisugua, mpingo unavumilia ukiupaka mafuta kidogo ya nazi.

Alafu jamani kanga. Tunahangaika kutafuta mtindo wa kudumu nje wakati tumeulalia. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mpangilio huo umeshika zaidi ya miaka mia, bibi yangu Mikindani alivaa hivo, mama, mimi, na mwanangu atavaa. Tafuta doti moja nzuri ya pamba ya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe au nyekundu na nyeupe, sio zile za poliesta zinazoteleza kichwani na kukuchoma jua likiwaka. Hiyo doti ni kilemba, ni mtandio, ni ya kujifunga kiunoni juu ya gauni ukipita kwenye msiba ghafla. Nilipoanza kujitanda kanga nyeusi na nyeupe na gauni jeusi watu waliniuliza hiyo ni fasheni ya wapi. Ya hapahapa!

Hatua ya 4: Ijue rangi yako mwenyewe

Kuna jambo Iman amelisimulia mwenyewe ambalo mi liliniuma. Alipofika New York kazi zake za mwanzo, mpambaji akamuuliza umekuja na fondesheni yako? Maana pale hawakua na ya ngozi yake. Akachanganyiwa vitu vilivyokuwepo, picha zilipotoka akajikuta uso umekua wa kijivu. Toka hapo akawa ananunua mwenyewe, anachanganya mwenyewe nyumbani, anajipiga picha kuona imetokaje, anarekebisha, alafu anatembea na yake kila kazi. Na hicho ndo kilichozaa biashara yake ya 1994. Yani hakusubiri mtu aijue ngozi yake.

Sasa we umeshawahi kukaa ukaipima rangi yako? Fanya hivi. Asubuhi kama saa mbili au jioni saa kumi na moja, kaa mlangoni au chini ya muembe, kwenye kivuli chenye mwanga, jua la mchana linadanganya na taa ya ndani inadanganya zaidi. Uso mtupu umeosha tu. Jifunge kanga nyeupe, alafu weka chini ya kidevu kitambaa kimoja kimoja, nyeusi, nyeupe kabisa, nyeupe ya maziwa, nyekundu, kijani ya majani, kijani ya jeshi, bluu, njano, kahawia, zambarau. Azima kwa majirani, kila nyumba ina kanga za kila rangi. Mtu akupige picha kila rangi, simu bila filta. Alafu weka simu pembeni mpaka kesho yake. Kesho ukiangalia utaona kuna rangi inakuja kitambaa kabla ya uso, na kuna rangi inakuja uso kwanza. Hizi zinazoleta uso kwanza chagua tatu, ndo zako.

Mi zangu zilikua nyeupe ya maziwa, kahawia ya udongo wa Newala, na kijani ya jeshi. Nyeusi kwangu ni ya kuvaa chini, ikiwa shingoni inanichosha, nimeshangaa maana nilikua nusu ya nguo zangu ni nyeusi kwa kuambiwa nyeusi inampendeza kila mtu. Na hili liwe pia kwa poda na fondesheni, paka kwenye taya uende nje uone, usipake kwenye mkono, mkono na uso sio rangi moja. Na mdogo wangu krimu za kung'arisha achana nazo kabisa, nakuomba kama dada yako.

Hatua ya 5: Mwaga kabati kitandani

Hii fupi. Toa zote. Zilizo kwenye rangi zako tatu na zinakutosha leo, sio ukipungua, rudisha. Zinazotosha ila rangi sio, ziwe za nyumbani na shamba. Zisizotosha ila kitambaa kizuri, weka fungu la fundi. Zilizobaki gawa. Usiogope kabati likibaki na nguo kumi na mbili, mi nilibaki na tisa.

Hatua ya 6: Mtumba kwa akili

Duka jipya sio lazima, mi vitu vyangu vizuri vyote vimetoka kwenye mtumba. Nenda asubuhi siku belo linafunguliwa, muulize muuzaji wako siku yenyewe, zoeana nae, mwambie dada mi nataka pamba na kitani tu, rangi hizi na hizi, ukiona niwekee. Muuzaji akikujua anakua macho yako.

Ukishika nguo anza na mabega. Vaa juu ya nguo zako palepale, mshono wa bega ukae mwisho wa mfupa wako. Kiuno kikiwa kikubwa fundi atapunguza, urefu atapunguza, ila bega likianguka ni kazi ya kubomoa nguo nzima na mafundi wengi watakuharibia. Alafu geuza ndani, angalia kwapani kama pamelika, angalia kola, vuta zipu mara tatu. Kunja kitambaa kwenye ngumi uhesabu mpaka kumi, ukiachia kama kimekunjana sana jua utakua mtumwa wa pasi, kitani kinakunjana ila kinakunjana kwa uzuri wake mi nakisamehe. Na kama hujui ni pamba au poliesta, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja wa kwenye pindo uwashe kibiriti, pamba inaungua inakua majivu laini na harufu kama karatasi, poliesta inayeyuka inakua kipunje kigumu. Ukifanya mara kumi mkono unajua wenyewe bila moto.

Mfano wangu, shati la kitani la kiume nyeupe ya maziwa nilinunua 5,000, fundi akanipunguzia mikono na kubadilisha vifungo 3,000, jumla elfu nane, na ndo hilo lenye miaka sita.

Hatua ya 7: Fundi

Hapa nitakaa kidogo maana machozi yangu mengi yametokea hapa. Kuna mwaka nilipeleka kitenge kizuri sana kwa fundi mmoja, nikamuonyesha picha kwenye simu, nikamwambia nataka kama hii, nikaenda zangu. Siku ya harusi asubuhi nachukua nguo, haiingii kifuani, na hamna cha kufanya maana kitambaa cha ndani amekikata chote. Nililia kwenye bodaboda mpaka nyumbani. Baadae nilipotulia nikaona na mimi nilikosea, picha ya simu ni ya mwili wa mtu mwingine, fundi anaona mbele tu, nyuma anabuni, na mi sikumwambia chochote.

Kwahiyo sasa nafanya hivi. Napeleka nguo inayonikaa vizuri kama sampuli, fundi aipime yenyewe, picha inakua ya kuonyesha kola au mkono tu. Nampa mambo ya kuacha: acha inchi mbili za kupinda chini, acha nafasi ubavuni ndani usikate, nikinenepa unaachia. Mishono yote ipigwe ovaloki ndani maana bila hiyo nguo inafumuka kwenye kufua mara ya tano. Kama kitambaa ni cha bei au mshono ni mpya, nanunua kwanza kaniki au pamba ya bei rahisi anashona ile, naijaribu, tunarekebisha, ndo anakata kitambaa chenyewe, na ile ya kaniki haipotei inakua gauni la nyumbani. Ni gharama mara mbili siku hiyo ila huo mkato ukishapatikana nimeushonea magauni manne ya rangi tofauti, watu wanadhani nina magauni mengi kumbe ni moja limejirudia. Turudi kwenye picha za Iman, si ndo nilichokiona, kitu kilekile kinajirudia!

Kabla hujalipa ya mwisho, vaa palepale. Kaa kwenye kiti, chuchumaa kama unafua, inua mikono kama unachukua kitu juu, panda bodaboda ya mtu iliyopaki hapo nje. Ikikataa moja, haijaisha. Na usipeleke nguo wiki ya Idd au Krismasi au wakati korosho zimelipwa, fundi ana nguo mia na usingizi hana, peleka mwezi wa tano mwezi wa sita wakati cherehani zimetulia, anakushonea kwa utulivu na bei inashuka.

Hatua ya 8: Sare

Dada zangu wa Mtwara na Lindi mnajua sare zinavyotumaliza. Harusi ina sare, kitchen party ina sare, sendofu ina sare, na ukifika wakati wa unyago kuanzia mwezi wa sita vigoma kila wiki na kila kigoma kina kitenge chake. Huwezi kukataa, ni kushirikiana, mimi mwenyewe nikiwa na shughuli nataka wenzangu wavae yangu. Lakini ukishona kila sare kama gauni moja la kubana lenye mabawa, utalivaa siku hiyo basi.

Shona vipande viwili. Sketi peke yake, blauzi peke yake. Siku ya shughuli unavaa pamoja ni gauni, hakuna atakayejua, baada ya hapo sketi unavaa na shati jeupe kwenda kazini, blauzi unavaa na sketi nyeusi kwenda kanisani au mtandio juu kwenda kwenye hitima. Kama kitenge kina rangi ambazo sio zako, kiweke chini, sketi, rangi yako ikae juu karibu na uso. Kama ni doti ya kanga na wameruhusu, usikate kabisa, jifunge, jitande, vaa chini gauni la rangi moja inayotoka kwenye pindo. Mi kwenye sare nane za mwaka juzi nimebaki na sketi tano ninazovaa mpaka leo, zamani ningebaki na magauni nane kwenye gunia.

Shingo

Hii haina namba maana haina pesa. Angalia Iman alivyosimama kwenye picha yoyote ile, hata amekaa, shingo imenyooka, mabega yameshuka, kidevu hakijainuka kwa dharau, kipo sawa tu. Nguo ya elfu nane kwenye mwili ule inakua ya laki nane. Na sisi tumelelewa na wanawake wanaobeba ndoo ya maji kichwani na ngata, mikono imeachia, wanapanda kilima wanapiga stori. Muangalie mama anatoka feri na beseni la samaki kichwani, hakuna shule ya wanamitindo inayofundisha vile. Simu ndo imetuinamisha. Nilirudi kuteka maji kwa ndoo ndogo ya lita kumi asubuhi, dakika kumi tu, miezi miwili mama akaniuliza mbona umerefuka.

Viatu nitasema mstari mmoja, makubazi ya ngozi ya kahawia na kiatu kimoja cha kufunika cheusi, vyote safi, kisigino cha skuna kwenye mchanga wetu ni mateso.

Kutunza, maana ndo kudumu kwenyewe

Fulia sabuni ya kawaida, geuza ndani nje, anika kivulini penye upepo, jua la kwetu linakula rangi ndani ya mwezi. Ukirudi baharini suuza nguo kwa maji baridi usiku huohuo, chumvi ikikaukia kwenye pamba inaikakamaza. Mvua zikianza ukungu unaingia kabatini, weka kopo la vipande vya mkaa chini na majani makavu ya mwarobaini katikati ya nguo, na kila jua likitoka toa nguo zipigwe upepo hata saa moja.

Alafu mabibo. Yale maji ya bibo yakidondokea nguo hayaonekani siku ile, kesho yake yamekua kahawia na hayatoki tena maisha, limao halitoi, chumvi haitoi, ukiweka dawa ya kung'arisha unapata tundu. Likikudondokea kimbia kwenye maji baridi palepale kabla halijakauka, usitumie ya moto. Na ukienda shambani kuokota korosho vaa kanga ya zamani ya rangi ya giza, ile nyeupe iache kabatini, mlango uwe wazi kidogo upepo upite.